Mwanamke Aliyepimwa Muyinga

"Mfungue! Nakuambia mfungue sasa hivi, Zaituni, ama mi naenda kumwita shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, aje ajionee!"

"Mwite! Mwite na mke wake! Nikimfungua akianguka, ni we utamwokota?"

"Hata mbuzi ya sokoni haifungwi hivyo! Bibi ya watu, kafungwa kifua kama gunia la makaa!"

Mtaa mzima wa Magarama, mjini Gitega, ulikuwa umeshasimama. Efrazia, muuza ndagala na mawese, alikuwa ametoka kwenye mlango wake na kuvuka mpaka kwenye mlango wa jirani yake Zaituni, fundi cherehani, na mikono yake yenye harufu ya samaki ilikuwa ikipaa na kushuka hewani. Wawili hao waligombana kila wiki, mara kwa maji ya kudekia, mara kwa mteja aliyeingia duka lisilo lake. Lakini leo ugomvi ulikuwa juu ya Bibi Kulthumu, nyanya yake Zaituni, aliyekaa katikati yao kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa kitenge kifuani na kukazwa kwa nyuma, kichwa kimeinama kama anayetafuta sindano mapajani.

"Efrazia," alisema Bibi Kulthumu bila kuinua kichwa, "ongeza sauti kidogo. Wale wa mwisho hawajasikia."

Watu walicheka. Zaituni hakucheka. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani, mikono imefura mabegani, kilemba kimekaa sawasawa, maana fundi anayevaa vibaya anajifukuzia wateja. Lakini macho yalikuwa mekundu. Kila asubuhi alimkalisha bibi yake vizuri, na kabla chai haijapoa bibi alikuwa ameteremka, makalio yako ukingoni mwa kiti. Juzi alikuwa ameanguka kabisa. Sasa afanye nini kama si kumfunga?

Hapo ndipo sauti ya kiume ilipotoka katikati ya watu. "Samahani, kina mama. Naomba nimwone bibi."

Alikuwa mwanaume mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la buluu limenyooshwa kwa pasi mpaka mikono, na shingoni amening'iniza futi ya kupimia. Zaituni aliiona ile futi kabla ya kuuona uso.

"Na we ni fundi wa wapi? Umekuja kuniibia wateja wakati mi nagombana?"

"Mimi si fundi wa nguo, dada. Ni fundi wa kukaa."

"Wa nini?"

"Wa kukaa. Jina langu Othmani. Nafanya kazi kituo cha tiba, upande wa Mushasha."

"Kukaa nako kunahitaji fundi!" alisema Efrazia. "Yoo! Mi nimekaa tangu nizaliwe, hakuna aliyenifundisha."

Othmani alitabasamu tu. Alichuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yake yakakutana na ya mzee. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Enfin, hatimaye mtu mwenye adabu! We umekulia Tanzania."

"Kigoma, bibi. Nyumbani ni Muyinga. Naomba nishike nyonga zako, nijue kwa nini unateleza. Nishike mimi, au mjukuu wako ashike nimwelekeze?"

"Mjukuu ananishika kila siku," alisema Bibi Kulthumu. "Shika we."

Kelele za kicheko zilipanda. Othmani alifungua kitenge, akapitisha viganja pande zote mbili za nyonga za mzee, taratibu, kama anayeshika mtungi uliojaa. Kisha akaangalia miguu. Haikugusa chochote, ilikuwa ikining'inia kama ya mtoto kanisani.

"Bibi hana ukaidi," alisema. "Hiki kiti kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mkubwa. Kitambaa chake kimelegea, kimekuwa kama machela. Miguu haina pa kukanyaga, kwa hiyo nyonga zinalala nyuma, mgongo unapinda, na yeye anateremka. Hata mimi ningeteremka." Akabonyeza mto mnene wa maua uliokuwa chini ya mzee. "Huu mto nani kaushona?"

"Mimi," alisema Zaituni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. Aliujaza sponji laini kuliko zote alizopata, akautilia marinda pembeni. Mzee wa heshima hakai pagumu.

"Ni mzuri sana," alisema Othmani. "Ndio unaomwangusha."

Efrazia alipiga makofi. Zaituni akavunja mazungumzo, akasukuma kiti ndani, akafunga mlango wa duka saa za biashara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake Othmani alirudi akiwa na ubao, sponji ngumu na msumeno. "Nimekuja kuomba msamaha," alisema mlangoni, "na kupima."

"Anza na msamaha," alisema Zaituni.

Kazi yake aliieleza huku mikono ikifanya. Kule kituoni waliiita kwa Kifaransa, jina refu lisilomeng'enyeka, lakini maana yake ni kumsaidia mtu aliyezeeka au aliyeumia arudi kufanya shughuli zake mwenyewe: kula, kunawa, kuchambua maharage. Na shughuli zote, alisema, zinaanzia kwenye makalio. Alipima upana wa nyonga za bibi, akapima paja mpaka nyuma ya goti, akaacha nafasi ya vidole viwili ili ukingo wa kiti usimkate. Akatandika ubao juu ya kile kitambaa kilicholegea. Akachonga sponji ngumu, ikawa na bonde dogo nyuma pa kushikilia mifupa ya kukalia, na mbele imeinuka kidogo. Akapandisha vikanyagio mpaka nyayo za mzee zikatua. Kile kitenge hakukitupa. Alikishusha kutoka kifuani, akakikaza kama mkanda chini ya tumbo, juu ya mapaja.

"Lete mkono wako," alimwambia Zaituni. "Kiganja juu. Upitishe chini yake. Unasikia mfupa?"

"Nausikia."

"Na upande wa pili?"

"Nao nausikia. Iko sawa."

"Ikiwa sawa hivyo, mgongo unasimama wenyewe."

Na kweli. Bibi Kulthumu aliinua kichwa, akaiona barabara ya Magarama, watu wake, baiskeli zenye ndizi kutoka Giheta, na akavuta pumzi ndefu. "Kumbe Efrazia amepaka rangi mlango," alisema. "Mbaya."

Ilibaki tatizo moja. Mzee aliendelea kuegemea kulia. Othmani akaweka kizuizi cha ubao ubavuni, bibi akakisukuma. Akakivisha sponji, bibi akakitupa uani. Siku ya tatu Othmani alichuchumaa tena.

"Bibi, ukiegemea huku unataka kuona nini?"

"Mlango wa Efrazia! Mmenigeuzia ukutani, nitajuaje nani anaingia?"

Othmani alikigeuza kiti kidogo tu. Bibi akakaa wima kama askari wa ikulu, na hakuegemea tena.

Hata kidonda ambacho kuteleza kulimletea bibi mwishoni mwa mgongo, na ambacho Zaituni alikuwa akikiosha kila jioni kwa machozi, kilianza kufunga. Bibi alirudi kuchambua maharage. Kiti hakikuwa na kasoro tena, lakini mkaguzi wake hakukoma kuja.

"Kiti gani hicho kinapimwa Jumanne, kinapimwa Alhamisi, na Jumapili mpimaji anakuja amejipulizia manukato?" aliuliza Efrazia kwa sauti ya kufika mbali.

"Ni viskru vinalegea, mama," alijibu Othmani.

"Ego, ndiyo, naona vimelegea. Kichwani."

Zaituni alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwanaume wa kwanza aliyemchumbia alitaka bibi apelekwe kwa ndugu. Wa pili alikuwa akiingia nyumbani na kumsalimia bibi kama anayesalimia kabati. Zaituni aliwafukuza wote wawili, akajiapia kwamba hataolewa na mtu atakayemtenganisha na mzee aliyemlea. Sasa amekuja huyu, ambaye aliingia nyumbani kupitia kwa bibi kabla hajajua jina la mjukuu. Alikuwa akimpenda mpaka anashona suruali ya miguu mitatu.

Halafu Othmani akahamishiwa Muyinga.

"Ni kwa muda tu, roho yangu," alisema. "Kuna wazee wengi kule hawana mtu wa kuwapimia."

"Na mi naachiwa viskru."

"Nitakupigia kila siku."

Alipiga kweli. Zaituni aliegesha simu kwenye cherehani, akaongea huku akikanyaga pedali. "Umekula?" "Nimekula sauti yako." "Basi utakonda." "Leo umevaa nini?" "Gunia." "Litakuwa gunia linalopendeza." Bibi Kulthumu alidai sauti iongezwe, na Efrazia, ambaye sasa alikuwa akija kukaa na bibi kila mchana kama kwake, alitoa ushauri bila kuombwa.

Siku moja Othmani alianza kwa sauti nzito. "Zai, kuna jambo la nyumbani nataka kukwambia. Mama yangu..."

"Usiniambie anakuja kukaa nasi!" Zaituni alicheka. "Mi na bibi mmoja nimechoka, mifupa inalia. Atakayeniletea wa pili namkimbia mpaka Rumonge!"

Alikuwa akitania. Ukiishi naye unajua. Lakini Othmani alikuwa kwenye simu, hakuuona uso. "Mama anakusalimu," alisema, na baada ya hapo simu zake zikawa fupi.

Ndipo Fabiano, binamu yake Efrazia anayepeleka parachichi Muyinga, aliporudi na mzigo wa habari mzito kuliko ule wa parachichi. Alisimulia amesimama mlangoni mwa Zaituni, anakula ndagala za bure.

"Othmani wenu nimemwona kwa macho haya. Kwa fundi wa magodoro, pale karibu na soko. Ana mwanamke. Mnene, mzuri, kanga za njano mpya, herini za dhahabu. Yuko nyuma ya kaunta, mi napita tu barabarani, na Othmani amezungusha futi kiunoni mwake. Na uso wake kaugeuza pembeni, ana aibu kama bwana harusi! Na mwanamke anacheka."

Cherehani ilisimama.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari ndogo. Lakini Zaituni ni fundi. Alijua mwanaume anampeleka mwanamke kupimwa kiuno na kwenda kwa muuza magodoro kwa sababu gani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshona magauni ya harusi mangapi? Kwanza kiuno, kisha godoro. Jioni Othmani alipopiga, hakupokea. Alipopiga tena, alifunga namba yake.

"Angalau muulize," alisema Bibi Kulthumu.

"Nimuulize nini? Yule anapima wanawake wote wa Burundi?"

"Hiyo ndiyo kazi yake, si ni kupima?"

"Anapima wazee, bibi! Hajapima mtu wa herini za dhahabu!"

"Na mi sina herini?"

Siku zikapita, Zaituni akashona mashati mawili yenye kola mgongoni. Efrazia, ambaye binamu yake ndiye aliyeleta habari naye akaifurahia, sasa alikuwa akijuta. Asubuhi moja aliingia, akaketi kando ya kiti cha bibi, akajifunga kanga kiunoni.

"Mi nakaa na bibi leo. Kesho pia. Najua mkanda unapita wapi, najua kumwinua kila saa asiumie. We nenda Muyinga ukamtukane uso kwa uso. Mtu hatukanwi kwa kufungiwa simu, maana hasikii."

"Nenda," alisema Bibi Kulthumu. "Umeninyoosha mgongo ili niwe jela yako? Nenda!"

Zaituni alivaa gauni la zambarau alilojishonea la Idi, lenye shingo ya lasi, na viatu vya kisigino, maana kwenda kugombana na mwanamke mwingine ukiwa umevaa ovyo ni kushindwa kabla hujaanza. Alipata nafasi kwenye teksi ya probox inayopita Karuzi. Njia nzima alitunga maneno. Alipoteremka Muyinga alikuwa na matusi mazuri, yamepangwa kama nguo za mteja.

"Othmani wa viti?" mtu wa kwanza alimwonyesha njia. "Nyumba yenye pazia la waridi."

Othmani alikuwa uani, ameinamia ubao, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Aliinua kichwa. Msumeno ukamponyoka.

"Zaituni!"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Uliyempima kiuno. Herini za dhahabu. Mlete nimwone, niende zangu."

Othmani alijikung'uta vumbi la mbao. Kisha akaenda kulifunua pazia.

Ndani, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mwanamke mzee, mnene, mzuri, kanga za njano, herini zinameta. Upande wa kushoto wa mwili wake ulikuwa umelegea. Alikuwa ameinamia kulia kama mtu aliyewekwa kwenye kona na kusahauliwa, lakini uso wake ulikuwa ukicheka.

"Ndio huyu?" alisema. "Mbona uliniambia ni mrefu?"

"Mama," alisema Othmani, "ni Zaituni. Zai, huyu ni mama yangu. Mama Nuru."

Matusi yote yalimtoka Zaituni kichwani. Alipiga goti pale pale na gauni lake la Idi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, lasi inachafuka."

Walitoka uani, na hapo sauti yake ikarudi. "Mama amepooza na we unaniambia ananisalimu?"

"Nilitaka kukwambia. Ukasema atakayekuletea bibi wa pili unamkimbia."

"Nilikuwa nacheka!"

"Mimi sikucheka. Nilijua bibi anakuchosha kiasi gani. Nikasema nimwinue kwanza, akae vizuri, ajilishe mwenyewe. Halafu nije kwako nikiwa na mama asiyeonekana mzigo."

"Na hukumwamini Zaituni hata kidogo?"

"Na wewe hukumwamini Othmani."

Kuku alipita katikati yao, akawaangalia, akaendelea.

"Tena," alisema Zaituni, "we ndo fundi, na mama amekaa upande. Nimemwona. Bibi yangu hakai hivyo."

Othmani aliinamisha uso. "Siwezi kumshika."

"Vipi huwezi? Umeshika nyonga za nusu ya Gitega."

"Za watu. Huyu kanizaa, Zai. Mkono unakataa. Kuna dada wa kituoni anayenisaidia kuwashika kina mama, lakini mama hamtaki, anasema ataenda kusimulia mjini. Ndiyo maana kule kwa fundi wa magodoro, tulikofuata sponji ya mto, nilimpima juu ya kanga, uso nimeugeuza. Kiti kimetoka kipana, na mfupa sijui uko wapi. Nimechonga ule mto mara ngapi sijui. Hajilishi, maana mkono mzima ndio anaouegemea asianguke."

Zaituni alivua viatu vya kisigino. Aliosha mikono kwenye ndoo, akachukua futi shingoni mwa Othmani, akaingia ndani. "We baki nje," alisema. "Geuka."

Othmani akasimama nje ya pazia, mgongo kwa mlango, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mama, naomba kukushika," alisikika Zaituni. Kisha: "Umempima na kanga ngapi?"

"Mbili," alisema Othmani akiutazama ukuta.

"Na sweta," alisema Mama Nuru. "Kulikuwa na baridi."

"Ndiyo maana! Huku pembeni kunaingia mkono mzima."

"Jaza kanga zilizokunjwa pande zote, kwanza. Sasa mkono chini. Kiganja juu. Umepata mfupa?"

"Wa kushoto ndio huu. Wa kulia... ngoja... wa kulia uko chini. Umezama."

"Kiasi gani?"

"Unene wa kidole."

"Kuna kipande cha sponji ngumu mezani. Weka chini ya mto, upande wa kulia. Mkanda?"

"Naujua mkanda, usinifundishe."

"Huyu anajua," alisema Mama Nuru. "Na mikono yake ina joto. We Othmani ulikuwa unanishika kama sufuria ya moto."

Pazia lilitikiswa na upepo. Ndani kulikuwa na minong'ono, kicheko kimoja, kingine. Othmani aliukuna ukuta kwa kucha.

"Zai."

"Nini?"

"Ule mlango wa sebule yenu pale Magarama. Upana wake, kiti cha pili kinapita?"

Jirani aliyekuwa jikoni akimpikia Mama Nuru aliacha kukoroga.

"Zai, nakuuliza. Kazi yangu hapa inaisha, narudi Gitega. Nataka nirudi na mama. Nataka nije nikuoe, viti viwili sebuleni, bibi na mama wagombanie mlango wa Efrazia. Ukisema hakipiti nitaelewa. Ukisema kinapita, nitamleta mjomba kwa bibi yako Ijumaa hii."

Alisikia sahani ikiwekwa mezani. Akasikia kijiko. Harufu ya ndizi zilizopikwa na maharage na mawese ilitoka chini ya pazia. Othmani, fundi wa kukaa, alikuwa bado amesimama.

"Mungu wangu," alisema Mama Nuru ndani, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ona. Ona mkono wangu."

Pazia likafunguka. Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, vumbi kwenye pindo la gauni la zambarau, kamasi na tabasamu vimechanganyika usoni. Nyuma yake Mama Nuru alikuwa amekaa wima katikati ya kiti chake, nyayo zimetua, na mkono wake wa kulia, huru, ulikuwa umeshika kijiko na kukipeleka mdomoni wenyewe.

"We mwanaume," alisema Zaituni, "mpaka lini utasimama nje kama mgeni? Mama keshaanza, mlango wetu ni mpana, na kwetu Magarama hatumalizi chakula bila mwenye nyumba. Nawa mikono, ingia tule."